Wawili Walipanda: Uchambuzi wa Kisa cha Cheruiyot Kirui na Nawang Sherpa, Everest 2024

Jumatano ya tarehe 22 Mei 2024, Kami Rita Sherpa alikanyaga kilele cha Everest kwa mara ya 30, rekodi ambayo hakuna binadamu mwingine aliyekuwa nayo. Siku hiyohiyo, kwenye mlima huohuo, kambi ya chini ilipoteza mawasiliano na watu wawili: Cheruiyot Kirui, Mkenya wa miaka 40 aliyekuwa akifanya kazi benki ya KCB, na mwongozaji wake Nawang Sherpa, wa miaka 44. Kesho yake mwili wa Kirui ulionekana mita chache chini ya kilele. Nawang hakuonekana.

Habari zilifika Nairobi kwa vipande. Nyingi zilipitia kwa James Muhia, rafiki wa marehemu na mpanda milima mwenzake, aliyejikuta msemaji wa msiba uliokuwa wake pia. Wapanda milima wa Kenya ni wachache na wanajuana. Ukienda Hell's Gate au Lukenya mwisho wa wiki, ukipita lango la Naro Moru la Mlima Kenya mwezi wa Januari, sura ni zilezile, na hata kamba ni zilezile, maana watu huazimana. Kwa hiyo kifo hiki hakikuwa habari ya gazeti kwao. Kilikuwa kiti kilichobaki wazi.

Tangu siku hiyo swali moja limerudiwa matangani, kazini na barabarani: mbona alikataa oksijeni? Kwa maoni yangu swali hilo ndilo lililotupotezea muda. Kisa hiki kina watu wawili, na swali hilo lina mmoja tu.

Mtu aliyejua milima

Kirui hakuwa tajiri aliyeamka asubuhi moja akajinunulia Everest. Alizaliwa Nandi, akaupanda Mlima Kenya mara nyingi, na Septemba 2023 alifika kilele cha Manaslu, mlima wa Nepali wenye mita 8,163, bila kutumia oksijeni ya mtungi. Hilo peke yake lingetosha kumweka katika orodha fupi sana ya Waafrika. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo, Mei 2022, James Kagambi alikuwa amekuwa Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, akiwa na miaka 62, tena baada ya maisha yote ya kufundisha vijana kupanda. Kagambi huyohuyo alikuwa ameshafika Denali kule Alaska mwaka 1989. Njia ilikuwa imefunguliwa. Kirui alitaka kuipita kwa namna ngumu zaidi: awe Mwafrika wa kwanza kufika Everest bila mtungi.

Jambo hilo linawezekana. Reinhold Messner na Peter Habeler walilithibitisha tarehe 8 Mei 1978, wakati madaktari wengi walikuwa wakisema binadamu akifika pale bila mtungi atarudi akiwa ameharibika ubongo. Tangu hapo waliofanikiwa ni mia mbili na kidogo, kati ya maelfu waliofika kileleni kwa mitungi. Kwa hiyo mtu anayesema "alikuwa anajiua" hajui hesabu, na anayesema "iliwezekana kabisa" naye hajui hesabu.

Hebu tuzipige. Manaslu hadi Everest, yenye mita 8,849, ni tofauti ya mita 686. Kwa masikio ya mtu wa kawaida ni kitu kidogo. Lakini wapanda milima huhesabu kuanzia mita 8,000, pale wanapopaita ukanda wa kifo, kwa kuwa juu ya hapo mwili hauzoei tena. Unadhoofika tu hata ukiwa umelala. Manaslu inaingia katika ukanda huo kwa mita 163. Everest inaingia kwa mita 849, zaidi ya mara tano. Na usiku wa mwisho kabla ya kilele, Manaslu unalala karibu mita 7,400, ilhali Everest unalala South Col, kambi ya mwisho, karibu mita 7,900. Neno "kulala" hapo ni adabu tu. Watu huketi kwenye hema wakisubiri saa tatu au nne za usiku waanze kutembea.

Msomaji wa Afrika Mashariki na ajue pia kwamba kambi ya chini ya Everest, ile ambayo watalii huenda kupiga picha, iko mita 5,364. Batian, ncha ya juu kabisa ya Mlima Kenya, ni mita 5,199. Yaani hema la Kirui la mwanzoni kabisa, kabla hajaanza kupanda chochote, lilikuwa juu kuliko jiwe la mwisho la nyumbani kwao. Kilimanjaro nzima, mita 5,895, inaishia chini ya kambi ya kwanza.

Nayaweka haya kwa sababu katika rambirambi nyingi Manaslu ilitajwa kama ushahidi kwamba alikuwa tayari. Ilikuwa ushahidi wa mwili imara na nia safi. Haikuwa ushahidi wa zile mita 686.

Maneno ya mwisho kwenye redio

Taarifa iliyotoka kambini, ambayo Muhia aliifikisha kwa Wakenya, ilikuwa hivi: katika mawasiliano yake ya mwisho Nawang alisema kwamba tabia ya Kirui imebadilika, kwamba hataki kurudi chini, na kwamba amekataa oksijeni ya mtungi. Baada ya hapo kimya. Mahali palipotajwa ni karibu na Bishop Rock, mwamba ulio kwenye njia ya kwenda kileleni.

Soma taarifa hiyo kwa mpangilio wake. Kwanza tabia imebadilika, kisha anakataa. Wengi waliisoma kinyumenyume: mtu mkaidi, mwenye ndoto ya rekodi, kaambiwa avae barakoa kakataa, kafa. Lakini kubadilika kwa tabia ni dalili ya ugonjwa, na kukataa kunaweza kuwa dalili ileile ikiendelea.

Kule juu kila pumzi inabeba takriban theluthi moja ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anaivuta akiwa amekaa kibarazani. Mtu ambaye hajazoea akipelekwa pale ghafla atapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Aliyezoea anaweza kutembea, lakini ubongo wake unafanya kazi kwa akiba ndogo, na ukianza kuvimba kwa kukosa hewa, kitu cha kwanza kuondoka ni ule uwezo wa kujua kwamba mambo yameharibika. Mgonjwa hajisikii mgonjwa. Hujisikia sawa, wakati mwingine sawa mno, na humwona anayemzuia kuwa ndiye mwenye matatizo.

Hata milima yetu inalijua hili. Waongozaji wa Mlima Kenya na Kilimanjaro hawamwulizi mtu mara mbili kama yuko salama, kwa sababu jibu ni "niko poa" hadi anapoanguka. Humwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi hivi. Akiyumba, safari yake imeisha, hata kama kilele kinaonekana na amelipa kila senti. Jioni kwenye hema la chakula kifaa kidogo hubanwa kidoleni, namba ya oksijeni ya damu huandikwa daftarini, na daftari hilo halisikilizi hadithi. Mlevi hanyang'anywi ufunguo wa gari kwa kuulizwa kama amelewa.

Kwa hiyo, mbona Kirui alikataa oksijeni? Inawezekana kabisa kwamba Kirui aliyefanya mazoezi miaka yote ile, aliyeandika mipango yake na kuaga watu wake, hakuwapo tena wakati huo. Aliyekataa ni ubongo uliokosa hewa. Kumlaumu kwa jibu lile ni kumlaumu mgonjwa wa malaria kwa kuropoka.

Hapa lakini sitaki kumsafisha kupita kiasi. Uamuzi wa kwenda bila mtungi aliufanya akiwa mzima, na aliufanya akijua kwamba saa ya hatari yeye mwenyewe hataweza kuaminika. Hiyo ni sehemu ya mchezo huo na kila anayeucheza anaijua. Swali linalofaa linapaswa kuulizwa kambini, wiki kadhaa kabla: ni nani aliyekubaliwa kuamua siku akili ya Kirui itakapokwisha, na alipewa nguvu gani ya kufanya hivyo?

Nawang alikuwa na nini mkononi

Jiweke mahali pa Nawang. Uko juu ya mita 8,000. Mbele yako kuna mtu mzima, mwenye nguvu kuliko wateja wengi uliowahi kuwapeleka, ambaye ghafla si yule uliyeamka naye. Huwezi kumbeba; pale juu mtu mmoja hawezi kumbeba mwingine, hata kumvuta mita mia moja kunataka watu kadhaa. Huwezi kumvika barakoa kwa nguvu bila nyote wawili kuwa hatarini kuanguka. Unaweza kuzungumza, kuomba, kupiga redio. Zaidi ya hapo una mambo mawili: kubaki au kuondoka.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nje hawalioni. Anayepanda bila mtungi huenda polepole sana; hatua moja, pumzi nyingi, hatua nyingine. Mwongozaji anayetembea naye analazimika kusimama na kusubiri. Kusimama kule juu ni gharama. Baridi huingia, vidole hufa ganzi, na kama mwongozaji mwenyewe anatumia mtungi, mtungi huo hauulizi kama anatembea au amesimama. Mtungi wa kawaida uliojaa hutoa saa kumi hivi kwa lita mbili kwa dakika. Saa zinazopotea kwa kusubiri hazirudi.

Nawang alibaki. Hatujui dakika zake za mwisho na sitazibuni. Lakini mawasiliano yalikatika kwa wote wawili, na aliyeripoti hali ya mwenzake hakuonekana akishuka peke yake kambini kusema "nimemwacha".

Si mara ya kwanza kwa mlima huo. Oktoba 1979, Hannelore Schmatz wa Ujerumani na Ray Genet wa Marekani walifariki wakishuka kutoka kileleni. Sungdare Sherpa alibaki na Schmatz hadi mwisho, akanusurika, akapoteza vidole vingi vya mikono na miguu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1984, Wanepali wawili, inspekta wa polisi Yogendra Bahadur Thapa na Ang Dorje Sherpa, waliangukia mautini wakijaribu kuutoa mwili wa Schmatz. Wageni wawili wamekufa. Mwenyeji mmoja amekatwa vidole. Wenyeji wawili wamekufa kwa ajili ya maiti.

Na siku moja tu kabla ya Kirui na Nawang, tarehe 21 Mei 2024, tuta la theluji lililoning'inia ukingoni karibu na Hillary Step, kizingiti cha mwamba chini kidogo ya kilele, lilikatika, likaenda na Daniel Paterson wa Uingereza na mwongozaji wake Pas Tenji Sherpa. Pas Tenji alikuwa na miaka 23. Jozi mbili, siku mbili, kila jozi mgeni na mwenyeji.

Kuomboleza bila mwili

Kwetu maiti hurudi nyumbani. Hata afe Dubai au Boston, kamati itaundwa, simu zitapigwa, M-Pesa itajaa, na jeneza litashuka uwanja wa ndege. Mazishi ya shambani ndiyo yanayofunga jambo: kaburi liko pale karibu na la babu, watoto wataonyeshwa. Marehemu asiporudishwa, minong'ono huanza kwamba familia haikujitahidi.

Familia ya Kirui iliamua aachwe mlimani. Sababu waliyotoa ni kwamba kumshusha kungehatarisha maisha ya watu wengine. Naona huu ndio uamuzi mzito kuliko yote katika kisa hiki, na ulifanywa na watu waliokuwa chini sana kuliko alipolala, wakiwa na akili timamu na moyo uliovunjika. Pesa zingechangwa, sina shaka. Wakenya wanajua kuchanga. Gharama ya kushusha mwili kutoka juu ya mita 8,000 hufika makumi ya maelfu ya dola, na harambee kubwa ingezipata. Kisichopatikana kwa harambee ni uhai wa wale Masherpa sita, saba au kumi ambao wangepaswa kupanda kuukata mwili ulioganda kwenye barafu na kuushusha kwa kamba, mwili ambao kwa kugandiwa na barafu huweza kuwa mzito maradufu, na helikopta haiwezi kuwasaidia hadi wafike chini sana.

Mwaka huohuo jeshi la Nepali liliendesha kampeni ya usafi iliyoleta chini tani 11 za takataka pamoja na miili minne na mifupa ya mtu mmoja, kutoka Everest na milima jirani ya Lhotse na Nuptse. Kazi ya timu ya jeshi, msimu mzima: miili minne na mifupa ya mtu mmoja.

Kulikuwa na waliosema uamuzi huo si wa Kiafrika. Nawaheshimu, lakini walikuwa wanadai desturi ya kwetu ilipwe na watoto wa watu wa Khumbu, eneo la Masherpa chini ya Everest. Wapanda milima wa Kenya, kwa upande wao, waliuelewa uamuzi huo haraka. Kwao kumkumbuka mtu ni kurudi alikopanda. Wanaenda Lenana, ncha ya Mlima Kenya, alfajiri, wanasimama dakika kadhaa kwenye upepo, mmoja anasema neno, wanashuka kunywa chai. Hakuna kaburi katika hayo yote, na wengi wao hawakuona kuwa pana upungufu.

Kilichonisumbua mimi ni kingine. Katika rambirambi zilizomiminika, jina la Nawang lilitajwa kama anwani: "akiwa na mwongozaji wake". Baadhi ya taarifa hazikumtaja kabisa. Tulijua Kirui alifanya kazi wapi, kijiji chake, milima aliyoipanda, ndoto yake. Kuhusu Nawang tulijua umri. Hata wale waliopanda na waongozaji maisha yao yote, wanaojua kwamba bila mpagazi hakuna kilele, waliandika kana kwamba Kirui alikwenda peke yake.

Nadhani sababu yake ni ya kibinadamu tu. Mtu humlilia wa kwao. Huko Nepali bila shaka walimlilia Nawang na kumtaja Kirui kama "mteja wake". Lakini sisi tuna sababu ya ziada ya kujua zaidi, kwa kuwa nchi zetu pia zinaishi kwa migongo ya watu wa namna hiyo. Wagumu wa Kilimanjaro, kama wapagazi wanavyoitwa kule, na wapagazi wa Mlima Kenya hufa milimani kwa baridi na kwa magonjwa ya kimo, na majina yao huishia kwenye daftari la kampuni. Tunalijua vizuri. Tulipopata nafasi ya kuwa upande wa mteja, tulifanya vilevile.

Kinachoweza kubadilika

Mwaka 2024 mgeni alilipa dola 11,000 kwa kibali cha kupanda Everest upande wa Nepali majira ya kuchipua. Bima ya maisha ya lazima kwa mwongozaji ilikuwa rupia milioni 1.5 za Nepali, ambazo kwa kiwango cha fedha cha wakati ule ni karibu dola 11,000 vilevile. Kiasi hicho cha bima nacho hakikuja kwa huruma. Kilipandishwa kutoka milioni moja baada ya poromoko la barafu la tarehe 18 Aprili 2014 kuwaua wafanyakazi 16 wa Kinepali na wenzao kugoma kupanda. Kibali kimepanda tangu hapo hadi dola 15,000, kuanzia Septemba 2025.

Kwa yeyote wa huku anayepanga kwenda, iwe kwa mtungi au bila mtungi, mambo mawili yanapaswa kuandikwa na kutiwa saini kambini, akili ikiwa bado ya mwenyewe. La kwanza ni saa ya kugeuka na dalili za kugeuka, pamoja na sentensi moja inayosema kwamba mwongozaji akiamua tunashuka, mteja hana tena sauti. Hilo halitamfanya mgonjwa atii. Lakini litamwambia mwongozaji kwamba akiondoka ili kuokoa maisha yake, hajavunja ahadi, na kwamba mteja mwenyewe alimpa ruhusa hiyo akiwa mzima. Sijui kama Nawang alihitaji ruhusa hiyo. Najua waongozaji wengi huibeba kazi yao kama kiapo, na kiapo kisicho na mlango wa kutokea huua wawili.

La pili ni pesa. Safari za namna hii kutoka kwetu huchangiwa na marafiki, kazini, makanisani, wadhamini. Bajeti huwa na tiketi, kibali, mavazi, mitungi ya dharura, hata bendera. Iwekwe na familia ya mwongozaji, juu ya ile bima ya serikali yao, na jina lake kamili liandikwe hapo kwa herufi sahihi kabla ndege haijaondoka.